Kikao kiwe kizima: kutoa tiba ya mazungumzo katika makazi ya wakimbizi Uganda

Mvua ya Aprili ikianza kupiga juu ya mabati huko Nakivale, mazungumzo yanakatika. Mama aliye mbele yako yuko katikati ya jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, na ghafla humsikii. Ukimwomba apaze sauti, aliyejikinga kibarazani atasikia. Ukinyamaza bila kumweleza, atadhani umechoka kumsikiliza. Siku hizi namwonyesha mvua kwa mkono, nasogeza kiti karibu kidogo, tunakaa wote wawili tukiisikiliza mpaka ipungue. Inaweza kuchukua nusu saa. Nimeona watu wakilia vizuri katika nusu saa hiyo, kwa sababu mvua imewafichia kilio.

Mwongozo huu ni wa mshauri nasaha, muuguzi wa afya ya akili au mhudumu wa jamii anayefanya kazi mahali pa namna hiyo. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,500,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na Wakongo wengi walioko Nakivale wilayani Isingiro, Rwamwanja wilayani Kamwenge, Kyaka II wilayani Kyegegwa na Kyangwali wilayani Kikuube wanaongea Kiswahili. Mifano nitakayoitoa nimeichanganya makusudi ili asitambulike mtu.

Jambo moja naomba ulishike kabla ya mengine yote: kila kikao kiendeshe kana kwamba hakitakuwepo kingine. Mafunzo tuliyopewa yalimfikiria mtu atakayerudi Jumanne ijayo saa nne. Huku mtu ataondoka kwenda Kampala kutafuta kibarua, mtoto ataugua, mgao wa chakula utaangukia siku hiyohiyo, au atavuka mpaka kwenda kuangalia kama shamba lake bado lipo. Ukimfungua leo kwa matumaini kwamba utamfunga wiki ijayo, unaweza kumwacha wazi mwaka mzima.

Hatua ya 1: Tembea njia ya rufaa kabla hujasikia hadithi ya kwanza

Usiisome kwenye karatasi. Panda boda mpaka kituo cha afya na umtafute muuguzi wa afya ya akili kwa macho yako. Vituo vya Uganda vimepangwa kwa daraja: II, III, IV, kisha hospitali, kisha hospitali za rufaa za mikoa. Kwa aliye Nakivale, mgonjwa mzito hupelekwa Mbarara, na kule juu kabisa ipo Butabika, Kampala, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955.

Ukifika, uliza maswali ya kawaida kabisa. Muuguzi yupo siku gani? Dawa za huzuni kali (fluoksetini, amitriptilini) na ya kifafa (kabamazepini) zipo kabatini leo, au zipo kwenye orodha tu? Usiku gari la wagonjwa linaitwa na nani? Boda kutoka kijiji cha mbali ni shilingi ngapi, na nani atalipa? Niliwahi kumpeleka kijana kwenye kituo nilichoambiwa kinafunguliwa kila siku. Kilikuwa kimefungwa. Alirudi nyumbani kwa miguu na hakunisalimia tena kwa miezi miwili, na alikuwa na haki.

Jiulize pia wewe unaweza nini. Aliyefundishwa siku tano huduma ya kwanza ya kisaikolojia anaweza kumtuliza mtu, kumsikiliza na kumuunganisha na msaada. Hiyo ni kazi kubwa, na asiidharau. Lakini asiingie kwenye kiwewe cha miaka kumi, yaani jeraha la moyo lililoachwa na mabaya yaliyompata mtu, peke yake. Awe na msimamizi wa kitaalamu anayeweza kumpigia simu, hata kama simu yenyewe ni mara moja kwa wiki mbili.

Sheria mbili uzijue. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya ile ya ukoloni ya 1938, iliyomwona mgonjwa kama mtu wa kufungiwa. Hii ya sasa inazungumzia ridhaa na haki zake. Nyingine ni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Daftari lako linahusika nayo, hata kama ni la kurasa 48 la dukani.

Hatua ya 2: Tafuta mahali panapoonekana lakini hapasikiki

Wengi tunadhani usiri ni mlango uliofungwa. Katika makazi ya wakimbizi mlango uliofungwa unazaa maneno. Mwanamke akiingia chumbani na mshauri wa kiume, jioni kijiji kizima kina hadithi yake. Mti mkubwa ulio mita thelathini kutoka njiani ni bora kuliko chumba. Watu wanawaona, hawawasikii. Mpangie mteja kiti ili aone nani anakuja, na wewe ndiye uipe njia mgongo. Aliyewahi kuvamiwa hawezi kuzungumza huku hajui nyuma yake kuna nini.

Epuka kibanda chenye sifa. Kama kila mtu anajua kwamba hema fulani ni la waliobakwa, au la wenye virusi, kuingia tu ni kutangazwa. Omba nafasi kwenye kituo cha afya siku ya kliniki ya kawaida, ambapo kila mtu ana sababu ya kuwepo.

Kubalianeni tangu mwanzo mtafanya nini akipita mtu. Mimi na mteja huchagua mada ya kubadilishia, mara nyingi bei ya mahindi au mbegu za maharage. Mtu akikaribia, mmoja wetu anaanza bei ya mahindi. Akipita tunangoja kidogo, namuuliza kama anataka kuendelea. Watoto hawafukuziki. Wape kazi, au tembeeni. Vikao vya kutembea kando ya shamba ni vizuri sana kwa wanaume, ambao wengi wao hawapendi kutazamana uso kwa uso wakizungumzia uchungu.

Panga saa kufuata maisha yao. Asubuhi ni shamba na foleni ya maji. Siku ya mgao usipange kitu.

Na maji ya kunywa yawepo. Ukiweza, chai na mandazi. Wapo wenzetu wanaosema chai inaharibu tiba, kwamba mteja atakuja kwa ajili ya tumbo. Sikubaliani nao hata kidogo. Tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipopunguza mgao, na hasa mwaka 2025 ambapo watu wapatao 1,000,000 waliondolewa kwenye orodha ya chakula, nimekaa na watu ambao hawakula tangu jana yake. Mwenye njaa hasikii unachosema, na kichwa chake hakiwezi kukumbuka zoezi la kupumua.

Hatua ya 3: Jua Kiswahili chako kinasikikaje

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nimeona makosa mengi, yangu yakiwemo.

Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kukisukuma mbele. Lakini mtaani lugha ina kumbukumbu zake. Kwa mzee wa Luweero au wa Kampala, Kiswahili kinaweza kuwa sauti ya askari wa kizuizi cha barabarani, wa enzi za Idi Amin na miaka ya vita iliyofuata. Usimkaribishe mzee wa namna hiyo kwa Kiswahili kabla ya kumuuliza angependa lugha gani. Kwa Mkongo, Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya mama yake, na pia ni lugha ambayo wenye silaha wa pande zote walimwamrishia. Kwa hiyo chunga sana vitenzi vya amri. "Kaa chini." "Ngoja hapo." "Toa kitambulisho." Nilimwambia baba mmoja "kaa chini, papa" ("papa" ndivyo Wakongo humwita baba) kwa upole wote nilio nao, akakaa udongoni, si kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Tangu siku hiyo nasema "karibu kiti, papa", na nakaa mimi kwanza.

Usimsahihishe mtu ngeli. Mama wa Kivu, mashariki mwa Kongo, atakwambia "niko na mawazo mingi", "roho inaniuma", "moyo inapigapiga", "kichwa inawaka moto". Hiyo ndiyo lugha ya maumivu yake. Mrudishie maneno hayohayo: "Hiyo roho inayouma, inauma zaidi saa ngapi?" Ukimtafsiria kuwa ana "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni, umempa neno asilolijua na umemnyang'anya lake. Maneno "kichaa" na "wazimu" usiyaguse. Hata "afya ya akili" huwafanya wengi waulize, "Kwani unaniona nimechanganyikiwa?" Nimezoea kusema kazi yangu ni kukaa na watu wenye mawazo mazito.

Sikiliza pia maneno yanayofanana na yako lakini yamebeba kingine. Mama akisema "walinikamata kwa nguvu", Mganda au Mtanzania anaweza kufikiri alikamatwa kama mfungwa, akamuuliza alifungwa muda gani. Huenda amekwambia kwamba alibakwa, kwa heshima, bila kulitaja neno. Usimkimbilize. Sema tu, "Pole sana, mama. Utaniambia unachotaka, na usichotaka utakiacha." Lakini kichwani mwako hesabu siku. Kama ni ndani ya saa 72, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi bado zinasaidia, na safari ya kituo cha afya inatangulia mazungumzo yote.

Maswali ya fomu nayo yanahitaji kushonwa upya. Fomu inauliza kama amepoteza hamu ya kula. Nyumba isiyo na chakula itajibu nini? Uliza: "Siku bugali (ugali) ikiwepo, unaitamani au unaitazama tu?" Fomu inauliza usingizi. Anayelala mkekani na watoto sita chini ya turubai linalovuja hana usingizi hata kama moyo wake umetulia. Uliza: "Watoto wakishalala na kukiwa kimya, wewe unakuwa wapi?" Jibu la swali hilo limenifundisha mengi kuliko alama za fomu. Uliza vilevile kama bado anasuka nywele za binti yake, kama anakwenda kanisani au msikitini, kama anapika kwa zamu na jirani. Mtu anapoacha hayo, ndipo ugonjwa unaonekana.

Ukihitaji mkalimani, usichukue aliye karibu. Usichukue mtoto wa mteja kabisa. Mweleze mteja mkalimani anatoka wapi na ni wa jamii gani, umwache aseme ndiyo au hapana mkalimani akiwa hayupo. Kwa mtu wa Ituri au wa milima ya Uvira huko Kongo, ambako makabila yamepigana, jina la kabila la anayetafsiri linaweza kufunga kinywa chote. Mkalimani atafsiri kwa "mimi", si "anasema kwamba". Kisha mkae naye dakika kumi baada ya kikao. Yeye pia ni mkimbizi, na amesema kwa kinywa chake "waliniua watoto".

Hatua ya 4: Dakika kumi za kwanza sema usichoweza kutoa

Watu wengi watakuja wakiamini kwamba barua yako itawasafirisha kwenda Marekani au Kanada, au itarudisha kadi ya chakula. Si ujanja wao. Wameona ofisi nyingi, kila moja ikiuliza habari ya mateso kabla ya kutoa kitu, na wamejifunza kwamba mateso ni sarafu. Sema wazi, kwa sauti ileile unayosalimia nayo: "Mama, mimi sigawi chakula. Siandiki majina ya safari. Ukinieleza mabaya makubwa au madogo, hakuna kitakachobadilika kwenye faili lako. Nina saa moja ya kukaa na wewe." Wachache wataondoka. Wengi hubaki, na wanaobaki huanza kuongea tofauti, kwa sababu hawahitaji tena kushawishi.

Kisha eleza siri na mipaka yake. Nitatunza unachoniambia, isipokuwa nikiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini, au mtoto anaumizwa. Hapo nitakwambia kwanza nitamwambia nani. Ni vizuri ajue pia kwamba namba ya simu 116, ya huduma iitwayo Sauti, ipo bure kwa mambo ya watoto.

Mwenyekiti wa kijiji akikuomba orodha ya majina ya wateja "kwa ajili ya usalama", mkatalie kwa adabu. Mpe idadi. Daftarini andika namba, si jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae mahali pengine, imefungwa. Usiandike jina la kamanda, kijiji au kikundi alichokitaja mteja. Karatasi hupotea, na wenye silaha wana ndugu hata huku.

Hatua ya 5: Gawanya saa moja ili mtu aondoke akiwa mzima

Mimi huigawa hivi, kwa kadiri. Robo ya kwanza ni kufika: safari ilikuwaje, umekula, nani kabaki na watoto. Nusu saa ya katikati ni jambo moja tu. Si maisha yote, jambo moja, analolichagua yeye: "Leo tukiweza kupunguza mzigo mmoja, uwe upi?" Robo ya mwisho ni ya kurudi, na siiuzi kwa bei yoyote. Hata kama ndiyo kwanza anafungua jambo kubwa, namwambia, "Hili ni zito, linastahili muda wake. Leo tulifunike vizuri, tusilitupe."

Kurudi maana yake mwili urudi hapa. Avue viatu akipenda, akanyage ardhi. Ataje vitu vitano anavyoviona: mlima, ng'ombe wa pembe ndefu, mtungi wa njano, bendera ya shule. Ataje sauti tatu. Apumue, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kama anayepuliza makaa taratibu asiyamwage majivu. Mtu akiwa amezama kwenye kumbukumbu kiasi cha kuiona kana kwamba inatokea sasa, usimshike bega. Mwite kwa jina, mwambie tarehe, mwambie "uko Isingiro, mimi naitwa fulani, hakuna risasi". Mpe maji ya baridi ashike kikombe.

Kabla hajaondoka awe na vitu viwili: tendo moja dogo la kufanya kabla ya kulala, na mtu mmoja wa kumwendea. Tendo liwe dogo kweli. Kumwambia dada "nilikuwa na siku mbaya" kunatosha.

Kwa waliovuka mpaka wa Kongo pale Bunagana juzi na bado wako kwenye kituo cha mapito cha Nyakabande huko Kisoro wakingoja lori, ishia hapo. Usichimbe. Wanahitaji kujua watoto wako wapi, choo kiko wapi, kesho kuna nini. Kumwomba mtu wa juzi asimulie yaliyomkuta si tiba.

Hatua ya 6: Ukiwa na wiki kadhaa, chagua njia iliyojaribiwa humuhumu

Uganda si nchi ya kuazima kila kitu. Tiba ya vikundi inayoshughulikia mahusiano ya mtu na wenzake ilijaribiwa vijijini Rakai na Masaka, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Vijiji 30, wanaume peke yao na wanawake peke yao, vikao 16 vya dakika 90 kila wiki, viongozi wakiwa wenyeji waliofundishwa wiki mbili, si madaktari. Huzuni ilipungua sana kwa waliohudhuria. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo. Inauliza jambo lililo wazi: huzuni hii ilianza na nini, kifo, ugomvi, au maisha kugeuka? Kwa mkimbizi maisha yamegeuka yote kwa siku moja: mwalimu amekuwa kibarua, mke amekuwa kichwa cha nyumba, mzee hana ng'ombe wa kumtolea mwanawe mahari. Kundi la watu wanane hadi kumi wanaojua hali hiyo husaidiana kwa namna ambayo mshauri mmoja hawezi.

Lakini kundi katika makazi ya wakimbizi linahitaji uangalifu ambao kijiji cha Rakai hakikuuhitaji. Usichanganye watu waliokimbiana bila kumuuliza kila mmoja kwa faragha. Usiliite "kundi la wenye kiwewe", liite la kusuka mikeka au kwa jina watakalochagua. Na kisa cha kubakwa kisisimuliwe kundini, kibaki kwa mazungumzo ya wawili.

Kwa kiwewe cha vita ipo njia ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio. Ilijaribiwa Nakivale kwenyewe, kwa Wanyarwanda na Wasomali, ikitolewa na wakimbizi waliofundishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Unatandika kamba chini, mwanzo ni kuzaliwa. Mawe kwa mabaya, maua kwa mazuri. Kisha kikao kwa kikao mnapita jiwe kwa jiwe, polepole, mkiunganisha moto wa kumbukumbu na mahali, mwaka, mkono ulioshika nini. Nimeona mtu akishangaa kwamba ana maua mengi kuliko alivyodhani. Kila jiwe mnalolianza mlimalize siku hiyohiyo, hata kikao kikienda dakika 90 au zaidi. Ukiona muda hautatosha, usiligeuze.

Usiianze njia hii kama anayemtishia mteja anaishi mtaa wa pili, kama anafikiria kujiua, kama ana ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti, au kama wewe mwenyewe mkataba wako unaisha wiki tatu zijazo.

Hatua ya 7: Kujiua, uliza kwa jina lake

Kuuliza hakumpi mtu wazo. "Mama, watu wenye mzigo kama wako wakati mwingine hufikiri kujitoa uhai. Wewe umefikiri?" Akisema ndiyo, uliza kwa nini, vipi, lini, na kitu gani kimemzuia mpaka leo. Hilo la mwisho ndilo kamba yako.

Nyumba za wakulima zina dawa ya wadudu. Uliza iko wapi. Leo hiyohiyo, kwa ridhaa yake, ihamie kwa jirani au kwa mjomba anayemwamini. Watu wengi wanaojiua kwa sumu huamua kwa ghafla, na ile hatua mia mbili mpaka kwa jirani huokoa. Chora naye kwenye karatasi, kwa picha kama hasomi: dalili zinazomtangulia, anachoweza kufanya peke yake, nyumba ya kwenda, nani wa kupigiwa. Usimtie sahihi ahadi ya kutojiua. Inakutuliza wewe, haimlindi yeye.

Ujue kwamba sheria ya adhabu ya Uganda inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi. Nenda nao kituo cha afya, si kituo cha polisi. Mwambie muuguzi mapema kwa simu. Usimwache mtu huyo njiani peke yake kwa sababu ya nauli.

Hatua ya 8: Kaa vizuri na mchungaji, shehe na mganga

Wao walimwona mteja kabla yako, na watamwona baada yako. Watembelee, uwaulize wanafanyaje na mtu asiyelala. Sala ya mteja inaweza kuwa sehemu ya ile robo ya kurudi, akitaka yeye. Mahali pa kusimama imara ni pawili: mtu asiambiwe aache dawa, hasa za kifafa, na asifungwe kamba wala kunyimwa chakula ili pepo atoke. Mchungaji mmoja nilimwomba awatangazie waumini kwamba kidonge na maombi havigombani. Alikubali, na mwezi huo kliniki ya kifafa ilijaa.

Hatua ya 9: Simu

Simu moja hutumiwa na watu watano. Kabla ya kuongea jambo lolote uliza, "Uko na nafasi?" na mkubaliane neno la hatari. Mteja wangu mmoja husema "unga umeisha" mume akiingia, nami nakata mara moja, sipigi tena mpaka apige yeye. Piga wewe, ili salio lisimwishie katikati. Usitume ujumbe wa maandishi wenye neno lolote la tiba.

Hatua ya 10: Wewe, na mwisho wa mradi

Kama nawe unaishi makazini, huna jioni. Utagongewa saa tatu usiku. Weka siku moja ambayo jirani wanajua huguswi, na uwaambie nani yupo badala yako. Ukianza kuota ndoto za wateja, au ukiona unawakatiza ili wasifike mahali fulani pa hadithi, mweleze msimamizi kabla ya kikao kinachofuata.

Miradi hufungwa. Mwaka 2025 fedha za misaada zilikatwa ghafla, na washauri wengi waliachishwa kazi katikati ya vikao, wateja wakakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Kwa mtu aliyewahi kuachwa usiku mmoja na kila aliyempenda, hilo ni pigo juu ya pigo. Kwa hiyo tangu kikao cha kwanza mwambie mkataba wako unaishia mwezi gani. Zikibaki wiki nne, anza kuhesabu naye kwa sauti. Muulize daftari lake liende kwa nani: kwa muuguzi wa kituo cha afya, au liharibiwe kwa utaratibu wa shirika. Atie alama ya kidole kwenye alichokichagua. Karatasi ya picha mliyochora abaki nayo. Kamba pia, na mawe na maua yake. Wengine huyafunga kitambaani wakayaweka chini ya mto, wengine huniomba tuyapeleke ziwani. Tunakwenda pamoja, mchana, na kurudi pamoja mpaka mlangoni kwake.